Ingia Bendi Kwanza, Solo Utaikuta Humo Humo

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Kentucky, unapiga klarineti kwenye bendi kubwa ya shule, mwalimu ametangaza usaili wa bendi ya jazi, na wewe roho yako iko kwenye saksafoni ya tena. Kinachokurudisha nyuma ni kwamba hujawahi kupiga kitu ambacho hakijaandikwa, wasichana humo ni wa kuhesabu, na baba anasema huko ni kupoteza muda wa masomo. Jibu langu ni moja: nenda kafanye usaili. Haya mengine nayasema ili woga ukutoke.

Naanza na solo, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Wengi mnadhani bendi ya jazi ni mahali ambapo kila mtu anasimama na kumwaga noti za kichwani mwake. Sivyo. Bendi kamili ya aina hiyo ina watu kama 17: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, halafu piano, gita, besi na ngoma. Sehemu kubwa ya wanachopiga wapulizaji imeandikwa kwenye karatasi, kama ulivyozoea. Solo hupewa mmoja mmoja, tena aghalabu ni fupi. Unaweza kukaa mwaka mzima kwenye kiti cha tena ya pili usisimame hata siku moja, na safu nzima ikakutegemea. Kuna mpiga gita aliyeitwa Freddie Green. Aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 akabaki nayo mpaka alipofariki mwaka 1987, na katika miaka yote hiyo solo alizopiga ni chache mno. Kazi yake ilikuwa kuchapa kodi za gita, pigo baada ya pigo, kwa utulivu. Waulize wanaojua kwa nini bendi ile ilitembea vizuri hivyo, watakutajia jina lake.

Lakini sikudanganyi, iko siku mwalimu atakunyooshea kidole. Siku hiyo wimbo huenda ukawa bluzi, na bluzi ya kawaida ni bari 12 zinazozunguka juu ya kodi tatu tu. Ikiwa katika B flati, kodi zenyewe ni B flati, E flati na F. Hapa una bahati ambayo pengine huijui: klarineti yako na saksafoni ya tena zote ni ala za B flati. Mpiga piano akisema B flati, wewe unapiga C kwenye klarineti, na kwenye tena pia utapiga C. Mwenzako wa saksafoni ya alto ndiye atakayehangaika, yeye anatakiwa apige G. Vidole navyo havitakuwa vigeni, kwa sababu vya saksafoni vinafanana sana na vile vya noti za juu za klarineti. Kitakachokusumbua ni mdomo. Klarineti imekufundisha kuukaza. Saksafoni inataka uulegeze kidogo, la sivyo sauti itatoka nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa pua.

Sasa solo yenyewe. Chukua noti tatu tu, usizidishe, uzizungushe ndani ya zile bari 12. Ziimbe kwanza kwa mdomo kabla ya kushika chombo, maana usichoweza kukiimba vidole vitakibahatisha tu. Na unyamaze! Piga bari mbili, acha bari mbili zipite, usikie besi na piano wanasema nini, ndipo uwajibu. Wanafunzi wengi huharibu hapa: wanajaza kila nafasi kwa noti za skeli zinazopanda na kushuka mbio mbio, kisha wanashangaa mbona hakuna aliyetingisha kichwa. Msikilize Lester Young kwenye rekodi za Basie za miaka ya 1930. Ni mpiga tena, na klarineti aliipiga vilevile. Hana haraka hata kidogo.

Tena kuna jambo ambalo naliona kubwa kuliko solo, wala hulisemi katika barua yako. Karatasi ya jazi haikuambii kila kitu. Utaona noti mbili fupi zimeandikwa sawasawa, lakini kwenye mtindo wa swingi ya kwanza inavutwa na ya pili inafupishwa. Inavutwa kiasi gani? Inategemea kasi ya wimbo na anayekuongoza. Katika safu yako kiongozi ni alto wa kwanza. Anapomaliza noti, nawe umalize hapo hapo, akiivuta, vuta, akipiga kwa sauti ya chini, usimzidi. Kwa hiyo masikio yako yawe kwake hata macho yakiwa kwenye karatasi. Nyumbani, metronomu yako usiiache ilie kila pigo. Iweke ilie pigo la pili na la nne, pale mpiga ngoma anapokanyaga sahani zake mbili za mguuni. Mwanzoni utapotea. Endelea tu.

Kuhusu wasichana kuwa wachache, hilo ni kweli na linakera, na yupo atakayekutazama kama umepotea njia. Ukimwona, mkumbuke Melba Liston. Alizaliwa Kansas City mwaka 1926, akashika tromboni angali mtoto, akaja kupiga katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie. Alikuwa pia mpangaji muziki hodari, yaani yule anayeamua kila chombo kipige nini. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alipotaka kurekodi albamu yake *Uhuru Afrika*, mipangilio aliifanya Melba. Na humo ndani utasikia Kiswahili: shairi la Langston Hughes linasomwa kwa lugha yetu na Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika.

Albamu hiyo mwekee baba. Umesema kwenu ni Uvira, Kongo, basi sitashangaa akiwa amekulia kwenye muziki wa OK Jazz, bendi ya Franco. Mwulize kuhusu Verckys, aliyewapigia saksafoni miaka ya 1960. Swingi ya Marekani si rumba, na asije akatarajia kucheza kama harusini, ila saksafoni haitakuwa ngeni masikioni mwake. Hoja yake ya muda usiibeze. Bendi nyingi za jazi za shule hufanya mazoezi asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, au jioni wenzenu wakishaondoka, na saa hizo basi la shule huenda lisiwepo. Nani atakupeleka? Nani atakurudisha? Mwombe mwalimu ratiba ya mazoezi na maonyesho, umpelekee baba karatasi mkononi pamoja na jina la mzazi mwingine wa karibu mnayeweza kupokezana naye safari. Mzazi aliyechoka na zamu za usiku anahitaji kujua saa ngapi na gari la nani.

Chombo usikimbilie kukikodi. Shule nyingi zina saksafoni za kuazimisha, hasa zile kubwa. Uliza kwanza.

Kwenye usaili watakutaka skeli kadhaa, kipande ulichojiandalia, na kingine utakachokiona hapo hapo. Hicho cha mwisho ukikosea usisimame wala usiombe kuanza upya, shikilia mdundo usonge mbele. Mwalimu anatafuta mtu asiyeangusha wenzake. Usiache bendi yako ya sasa, maana shule nyingi zinataka mpulizaji wa jazi awe pia kwenye bendi kubwa. Na ukiambiwa viti vya tena vimejaa, uliza habari za saksafoni ya baritoni. Ni nzito, wengi wanaikwepa, na bila hiyo safu ya saksafoni haina chini.

Kesho mfuate mwalimu kabla ya kipindi, uandikishe jina. Usaili ukiisha niandikie umepewa kiti gani, na baba alisema nini alipomsikia Melba.