Kusafiri Mbali kwa Pikipiki Pasipo Kuumia

Siku ya kufungua shule wengi wetu hufika bwenini kwa pikipiki. Wako wanaotoka Mugumu, wako wanaotoka vijiji vya ndani visivyofikiwa na basi, na wako wanaovuka Mto Mara kutoka upande wa Tarime. Utawaona wakishuka huku wamejishika viuno, vidole vimekufa ganzi, na macho mekundu kwa vumbi. Jioni ile hawawezi kushika kitabu. Wengi hudhani kwamba maumivu hayo ni kodi ya safari ambayo kila mtu hana budi kuilipa.

Nia ya somo hili ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maumivu hayo yaweza kuzuiwa, na kwamba kuyazuia si anasa. Mwili ulioumia huchoka upesi, akili ya mtu aliyechoka huchelewa kuamua, na dereva anayechelewa kuamua huanguka pamoja na abiria wake.

Mimi si dereva wala sina leseni. Ninayoyaandika ni yale niliyoyaona nikiwa abiria, niliyofundishwa na mjomba wangu ambaye ni dereva wa bodaboda hapa Ringwani, na niliyoyapima kwa kanuni za fizikia tulizojifunza darasani.

Namna mwili unavyokaa

Uzito wa mtu aliyepanda pikipiki hubebwa na sehemu tatu, yaani makalio, miguu na mikono. Raha au taabu ya safari hutegemea jinsi uzito huo unavyogawanywa.

Katika pikipiki zetu za kubebea abiria dereva hukaa wima. Mikono yake haibebi kitu, lakini makalio hubeba karibu uzito wote, na kila shimo la barabarani hupiga moja kwa moja katika uti wa mgongo. Pikipiki za michezo zimeundwa kwa namna nyingine kabisa. Hizo ni kama Yamaha YZF-R1 iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, na huonekana zaidi katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi kuliko katika barabara zetu za changarawe. Usukani wake uko chini, vikanyagio viko juu na nyuma, na dereva huinama mbele kama mtu anayechungulia kisima. Magoti hukunjwa sana, viganja hubeba sehemu ya uzito wa kifua, na shingo hapana budi kuinuliwa ili macho yaone mbele.

Kwa nini ziliundwa hivyo? Ni kwa ajili ya uwanja wa mashindano. Mtu aliyeinama hukatwa na upepo mdogo kuliko aliyekaa wima, na uzito wake huligandamiza gurudumu la mbele lishike ardhi vema penye kona. Lakini shindano la ubingwa wa dunia huchukua kama dakika 40 hadi 45 tu. Mtu akitaka kusafiri kwa pikipiki ya namna hiyo kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari ya kilomita zipatazo 480, atakaa katika hali hiyo muda mrefu mara nyingi kuliko mshindani. Basi lazima ajue la kufanya.

La kwanza ni kulibana tangi la mafuta kwa magoti na kukishikilia kifua kwa misuli ya tumbo na mgongo, ili mikono ibaki mitupu. Viwiko viwe vimekunjwa kidogo, na vidole vishike usukani kwa wepesi kama mtu ashikavyo yai. Anayeuning'inia usukani huumia viganja na mabega, tena kila bonde la barabara huhamia mikononi mwake na kuyumbisha chombo. La pili ni kuzirekebisha breki na klachi ili kiganja kisipinde. La tatu ni kubadili mkao mara kwa mara, maana hakuna mkao mmoja, hata ulio mzuri namna gani, unaofaa kwa saa nzima.

Mambo hayo yamfaa pia dereva wa bodaboda. Yeye aongeze hili: akiona shimo mbele, ainuke kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa. Magoti yatafanya kazi ya shokapu, na mgongo utapona. Abiria naye aangalie mbele juu ya bega la dereva ili ajiandae kwa shimo, badala ya kulala usingizi na kupigwa ghafula.

Upepo, baridi na maji

Nguvu ya upepo unaompinga msafiri haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, hadi 120, huzidi mara tisa. Ndiyo maana aliyekaa wima hurudishwa nyuma na upepo, naye hujivuta kwa mikono mpaka mabega yawake moto. Kwa aliyeinama juu ya pikipiki ya michezo mambo ni kinyume. Upepo wa mwendo mkubwa humwinua kifua na kuvipumzisha viganja vyake, ila aingiapo mjini penye msongamano uzito wote humrudia mikononi. Basi mtu asikimbize chombo ili apunguze maumivu ya viganja. Dawa yake ni magoti na tumbo, kama nilivyokwisha kueleza.

Upepo una hila mbili zaidi. Asubuhi huzidisha baridi, na vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kukamata breki upesi. Kwa hiyo anayeondoka alfajiri avae koti lililofungwa shingoni na katika mikono, na glavu kama anazo. Mchana upepo hukausha jasho kabla halijaonekana, na msafiri hudhani hatoki jasho wakati mwili unapoteza maji mengi. Anywe maji kidogo kidogo kila wanaposimama, asingoje kiu.

Helmeti ni ya wote wawili, dereva na abiria, na sheria inataka hivyo. Helmeti inayobana paji la uso huleta maumivu ya kichwa baada ya muda, na inayolegea huchezacheza na kuchosha shingo. Inayofaa hukigusa kichwa pande zote, na mkanda wake hufungwa chini ya kidevu. Kioo chake kiwe safi, maana vumbi letu la kiangazi halina huruma kwa macho.

Mzigo wa mwanafunzi

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sana sisi wa bweni, nalo ni tranka. Aghalabu tranka hufungwa nyuma kabisa ya keria, na godoro juu yake. Hebu tupime kwa kanuni ya momenti.

Tuchukulie tranka lina kilo 20, yaani uzito wa nyutoni 200, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 40 nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Momenti yake ni 200 mara 0.4, sawa na nyutonimita 80. Tuchukulie tena kwamba kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 1.25. Gawanya 80 kwa 1.25, utapata 64. Maana yake gurudumu la mbele limepunguziwa nyutoni 64, kama kwamba mtu ameliondolea kilo 6 na zaidi. Gurudumu hilo ndilo linaloongoza njia, na likiwa jepesi usukani huyumba kwenye mchanga na kwenye udongo mweusi wa masika. Dereva naye hukaza mikono ili kuutuliza, na hivyo huchoka kabla ya nusu ya safari.

Sogeza tranka hilo mbele mpaka kitovu cha uzito wake kiwe juu ya ekseli ya nyuma, na momenti itakuwa sifuri. Kwa hiyo mzigo mzito uwe chini na karibu na mtu, mwepesi uwe juu, na vyote vifungwe kwa mpira imara usiolegea njiani. Kabla ya kuondoka dereva akague upepo wa matairi yakiwa baridi, na mnyororo usiwe umelegea wala kukazwa kupita kiasi.

Kupumzika

Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa kila nukta moja. Ikiwa uchovu unamchelewesha dereva kwa nukta moja tu kabla ya kushika breki, amekwisha kwenda mita 17 zaidi. Nasi wa Mara tunajua kinachoweza kutokea katika mita 17, maana ng'ombe wetu hawangoji ruhusa ya kuvuka njia.

Likizo iliyopita mama alilazwa hospitali huko Musoma, nami nikatumwa kwenda kumwuguza. Gari la asubuhi lilikuwa limekwisha ondoka, basi mjomba akanichukua kwa pikipiki yake. Kila ilipotimia kama saa moja alisimama chini ya mti, akazima mashine, akatembea huku na huku akinyosha vidole na shingo. Aliposimama mara ya tatu nilimwambia, "Mjomba, mama anatungoja." Akanijibu, "Mura, anangoja watu wawili wazima. Kunywa maji."

Tulipoikuta lami hakuongeza mwendo kupita kiasi. Mbele kidogo kundi la ng'ombe lilitoka vichakani bila mchungaji, naye akasimama mbali nalo pasipo kishindo, akangoja wapite. Tulifika Musoma jua limeshuka. Usiku ule nilikesha kando ya kitanda cha mama, nikimpa maji kila alipoomba. Mama alipona. Mjomba naye hakurudi usiku ule. Alilala, akaondoka kulipopambazuka.

Kwa safari ya siku zaidi ya moja, kanuni ni ileile. Kwa mfano, Hifadhi ya Serengeti hairuhusu pikipiki kupita ndani yake, hivyo anayekwenda Arusha kwa pikipiki huzunguka kwa Mwanza, Shinyanga, Singida na Babati. Safari kama hiyo igawanywe mapema, na kila siku iishie kabla ya giza.

Wako waliosafiri mbali kuliko hapo. Waingereza wawili wanawake, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London mwezi wa Desemba mwaka 1934 kwa pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kigari cha ubavuni, wakavuka jangwa la Sahara, wakapitia Afrika Mashariki, na kufika Cape Town mwezi wa Julai mwaka 1935. Iliwachukua zaidi ya miezi saba. Baadaye Wallach alifungua shule ya kufundisha uendeshaji wa pikipiki nchini Marekani. Mwenda pole hajikwai.

Wajibu wa abiria na wa mzazi

Abiria si mzigo. Yeye pia huendesha kwa mwili wake. Akae karibu na dereva, ashike kiuno chake au chuma cha keria, na penye kona alale pamoja na chombo. Akijivuta upande wa pili kwa hofu, dereva hulazimika kushindana naye.

Abiria akichoka, aseme. Wengi wetu hunyamaza kwa kuwa dereva ni mtu mzima na twaona haya. Lakini haikosi adabu mtu kusema, "Samahani, mjomba, naomba tusimame kidogo." Afadhali zaidi mapatano hayo yafanywe wakati wa kupatana nauli, ili dereva ajue tangu mwanzo kwamba safari ina vituo.

Kwa wazazi wetu nasema kwa heshima. Najua nauli ni nzito, na kuwapakia watoto wawili pamoja na dereva katika pikipiki moja huonekana kupunguza gharama. Lakini katika mshikaki dereva husukumwa mpaka juu ya tangi, magoti yake hayana nafasi, hawezi kubadili mkao, na gurudumu la mbele huwa jepesi. Raha yote niliyoieleza hapa hutoweka, na usalama huondoka pamoja nayo. Ikiwezekana, tranka na godoro vitangulie siku ya soko kwa gari la mizigo, na mtoto aondoke asubuhi mapema, mmoja kwa pikipiki moja, ili dereva asiwe na sababu ya kukimbizana na jua.

Wanafunzi wenzangu, muhula ujao mkisikia viuno vinaanza kuuma njiani, msivumilie kimya. Mwombeni dereva asimame, nyosheni miguu, mnywe maji, kisha mwendelee. Darasa litawangojea.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne