Miriamu na Ngoma Yake

Fundisho kwa vijana wa fanfare, kwa viongozi wao na kwa wazazi

Masomo: Kutoka 15:20-21, Hesabu 12, 1 Samweli 18 mpaka 20, 2 Samweli 13:1-22



Fundisho la mwezi huu lilitakiwa kuwa juu ya nsinsani na utoaji. Tumeliweka kando kwa sababu ya neno lililotufikia nyumbani. Mama mmoja wa parokia alikuja saa za magharibi. Tulimpa kiti, akakataa kukaa. Akasema: "Papa Shemasi, mtoeni yule binti katika fanfare, kama sivyo mimi nitamtoa mtoto wangu." Tukamwuliza binti amekosa nini. Mama hakusema kwamba walikutwa pahali pa giza, wala hakusema kwamba binti ana mwenendo mbaya. Alisema hivi tu: "Ni mtu wa Kasai. Nao wanapendana, kila mtu anaona."

Mtoto wake ana miaka 17, anapiga tromboni. Binti ana miaka 16, anapiga klarineti, na ni mmoja wa wale wanaofika kwenye mazoezi mbele ya wengine. Maneno yanayofuata ni jibu letu kwa mama huyo, na pia kwa wengine walio na neno hilo moyoni ila hawajalitoa kinywani.

Tufungue kwanza kitabu cha Kutoka, sura ya 15. Wana wa Israeli wamekwisha kuvuka bahari. Miriamu nabii, dada ya Haruni, anashika tari mkononi, na wanawake wote wanamfuata na matari yao. Ninyi vijana wa fanfare mnapenda sana pahali hapa, na ni haki yenu, kwa maana Miriamu ndiye kiongozi wa kwanza wa wapigaji tunayemsoma katika safari ile. Lakini wengi tunafunga kitabu pale pale. Hatuendi kumtafuta Miriamu huyo huyo katika Hesabu 12.

Pale tunamkuta akimsema Musa kwa ajili ya mwanamke Mkushi aliyemwoa. Kushi ni nchi ya watu weusi, kusini ya Misri. Mwanamke yule hakuwa wa kabila, hakuwa wa ukoo, hakuvuka bahari kama binti wa Israeli. Sasa mwangalie sana mstari wa pili. Miriamu na Haruni walianza na habari ya mwanamke, lakini walipofungua kinywa walisema neno lingine: je, Mungu amesema na Musa peke yake? Hakusema na sisi pia? Basi kabila la yule mke lilikuwa kifuniko tu cha chungu. Ndani ya chungu mlikuwa wivu. Na mara nyingi mtu akisema mbele yenu "huyu si wa kwetu", mkifunua mtakuta kitu kingine kinachochemka chini.

Mungu alijibu namna gani? Hatusomi kwamba Musa aliambiwa amwache mkewe. Hatusomi hata neno moja la kumkemea yule Mkushi. Ukoma ulimshika Miriamu, na yeye aliyesema juu ya mwanamke mweusi akawa mweupe kama theluji. Musa akamwombea. Kisha Miriamu akafungiwa nje ya kambi siku saba, na watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Taifa zima lilikaa palepale, hema zimesimama, kwa sababu ya ulimi wa mpiga ngoma mmoja.

Tunaijua habari hii kuliko tunavyopenda kuijua, maana ilitupata sisi wenyewe.

Mwaka wa 1992 sisi tunaoandika tulikuwa na miaka 15, tukipiga ngoma ndogo katika fanfare ya parokia moja hapa Kamina. Vyombo vilikuwa vichache na vya zamani. Baritoni moja ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli pahali ilipotoboka, na wawili walipokezana tarumbeta moja, mmoja akipanguza kinywa cha chombo kwa shati na kumpa mwenzake. Watoto wanaokaa hivyo, wakipumua ndani ya chombo kimoja, wanakuwa ndugu upesi. Wengine kati yao wanapendana. Tusishangae. Hata kule Kinshasa, orkestra simfoniki ya kanisa letu iliyoanzishwa na Papa Armand Diangienda mwaka wa 1994 ilianza na violini chache tu, watu wakingojeana zamu, na uzi ukikatika walitia waya wa breki ya baiskeli. Muziki unakaribisha watu kwa watu. Ndiyo kazi yake.

Katika fanfare yetu alikuwamo rafiki yetu, mwana wa mtu wa Kabongo, aliyepiga ile baritoni. Alikuwamo pia binti aliyepiga filimbi. Babu yake alitoka Kasai kutumika kwenye reli ya BCK, ile iliyofika Ilebo mwaka wa 1928. Baba yake alizaliwa hapa Kamina, naye akatumika kwenye reli. Binti mwenyewe alizaliwa hapa. Alisema Kiswahili chetu, na Kiluba alikisikia vizuri. Rafiki yetu alianza kumbebea filimbi. Kisha akawa anabaki baada ya mazoezi ili warudie pamoja wimbo uliowashinda, mlango wazi, wengine wakiwapo. Hatukuona ubaya wowote kwao, na tunasema hivyo mbele ya Mungu.

Ila zamani, siku ya Jumamosi, rafiki yule alikuwa akienda na sisi kutega ndege. Sasa hakwenda tena. Hiyo ndiyo sababu yote. Tulikwenda kwa mkubwa wa fanfare, tukamwambia: wanapendana, na yule ni bilulu.

Vijana wa leo labda hawajui uzito wa neno hilo wakati ule. Bilulu maana yake ni wadudu. Ndivyo watu wa Kasai walivyoitwa barabarani katika jimbo letu, lililoitwa Shaba wakati huo. Mwezi wa tisa wa 1992 walianza kufukuzwa Likasi. Mwezi wa tatu wa 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Maelfu walilala kwenye gare wakingoja treni, na treni zote za kwenda Mwene-Ditu na Kananga zinapita hapa kwetu. Tuliziona. Watu juu ya mabehewa, watu ndani ya mabehewa ya mizigo, akina mama wakipika kati ya reli, wengine wakizika watoto njiani.

Basi neno hilo tulilileta ndani ya nyumba ya Mungu, na lilipokelewa. Wazee walikaa dakika chache tu. Wakamnyang'anya binti filimbi, "kwa kulinda amani". Rafiki yetu aliweka baritoni juu ya benchi siku ile ile, akaondoka bila kusema. Watoto wengine wawili wa Kasai wakaacha wenyewe. Siku ya defile iliyofuata tulipita na ngoma tu, hakuna sauti ya kuimba juu yake, na watu waliosimama kando ya barabara wakaulizana fanfare imekufa lini. Mnaona? Sisi tuliotoa wengine ndio tuliosimama. Israeli walisimama siku saba. Sisi tulisimama zaidi ya mwaka.

Familia ya binti iliondoka mwaka wa 1993. Hakuna aliyewatupia jiwe. Baba yake alisema maneno haya, nasi tuliyasikia kwa masikio yetu: "Kama hata katika fanfare ya Mungu mtoto wangu ni bilulu, nikae hapa kwa nini?" Rafiki yetu alikwenda kwenye gare kuwaaga. Sisi hatukwenda. Miaka mingi baadaye tulimwomba rafiki yule msamaha, naye akatusamehe; alikuwa amekwisha kuoa na ana watoto. Kwa yule binti, hatujui pahali pa kupeleka ombi hilo.

Sasa mama atasema: Papa Shemasi, hayo ni ya zamani. Siyo ya zamani. Vita vya Kamuina Nsapu vya mwaka wa 2016 na 2017 viliondoa watu zaidi ya milioni moja katika nyumba zao huko Kasai, na treni ile ile inaendelea kuleta vijana wanaotafuta kazi Lubumbashi na Kolwezi. Maneno ya 1992 yameanza tena kusikika sokoni. Tuyazuie yasivuke kizingiti cha kanisa.

Kama ni mambo ya damu, tukumbuke mambo mawili. La kwanza, wazee wetu Waluba wa Katanga na wazee wa Waluba wa Kasai wanasimulia chanzo kimoja. Wale wa Kasai wanataja Nsanga Lubangu, upande huu wetu, kuwa pahali babu zao walipotawanyika. Sisi tukimwita Mungu kwa Kiluba tunasema Vidye Mukulu. Wao kwa Tshiluba wanasema Mvidi Mukulu. Masikio yatasema kama hao ni watu wageni.

La pili ni kubwa zaidi. Papa Simon Kimbangu alikuwa Mukongo wa Nkamba. Alikamatwa mwaka wa 1921, akaletwa katika gereza la Elisabethville, leo Lubumbashi, naye akalala huko tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Udongo wa Katanga ulimlinda mpaka mwaka wa 1960, aliporudishwa Nkamba. Yeye alikuwa mgeni hapa kuliko Mkasai yeyote. Sisi tunaosali kwa njia yake tunaweza kumwambia mtoto wa mtu kwamba nchi hii si yake?

Mama pia ametaja amri za kanisa. Tunazishika: Bolingo, Mibeko, Misala, upendo, amri, kazi. Mibeko inatukataza uzinzi, pombe, ndoa ya wake wengi na mengine tunayoyajua. Tumetafuta amri inayosema Muluba asimpende Mkasai. Haimo.

Hata hivyo vijana wasidhani kwamba fundisho hili ni barua ya ruhusa. Someni 2 Samweli 13. Amnoni alisema anapenda, akaugua kwa kupenda, na mwisho alimharibia Tamari maisha na kumchukia kuliko alivyompenda. Ninyi wapigaji mwangalieni hasa mtu wa tatu, Yonadabu, rafiki ya Amnoni. Ndiye aliyetengeneza hila na chumba cha siri. Katika kila kikundi yumo Yonadabu: anayebeba barua, anayetoa ufunguo, anayesema "nenda, nitakaa mlangoni". Huyo si rafiki.

Lakini aliyekwenda kuwachongea wenzake kwa wivu naye si rafiki, nasi tumekwisha kusema ni nani alifanya hivyo. Rafiki ni Yonathani. Kiti cha ufalme kilikuwa chake kwa kuzaliwa, na alijua kwamba Daudi, yule mpiga kinubi, ndiye atakayekikalia. Neno moja kwa baba yake lingetosha. Hakulisema. Alimwambia Daudi ukweli uso kwa uso, akamsimamia mbele ya baba yake hata mkuki ukamrukia yeye. Ukiona wenzako wawili wanapendana na moyo wako unauma kwa sababu umeachwa, nenda kawaambie wao: moyo wangu unauma. Ni aibu ya saa moja. Ile yetu inaendelea mpaka leo.

Kwa wale wawili tumesema hivi, mbele ya mkubwa wa fanfare na mama mmoja shemasi. Wanabaki wote katika fanfare. Hakuna atakayenyang'anywa chombo. Hatutawaambia kwamba kupendana ni dhambi. Tutawaambia kwamba ni mapema. Sheria ya nchi ya mwaka wa 2009 inayolinda watoto inakataza ndoa chini ya miaka 18, nao bado wana shule ya kumaliza. Wakutane mbele ya watu, wasifiche kitu, na wasiwaache marafiki wao wengine kama kwamba hawako. Mazoezi yataisha kabla ya giza, kwa wote, siyo kwao tu. Kama baada ya shule mioyo yao iko palepale, wazazi wa pande mbili wataketi na kuongea mahari kama wazazi wengine. Kama mioyo imegeuka, watakuwa wamebaki ndugu, na hakuna atakayekuwa amepanda treni kwa ajili ya ulimi wetu.

Katika vikundi vyenu mwezi huu mjiulize: Miriamu alikuwa na uchungu gani hasa? Kwa nini Mungu aliwangojesha watu wote, na siyo yeye tu? Na katika fanfare yenu, nani amewekwa nje ya kambi leo, na nani alimweka?

Mazoezi ni siku ya Jumamosi, saa nane. Binti atakuwapo na klarineti yake. Tumemwalika na yule mama aje kusikiliza, nasi tumemwekea kiti kile kile alichokataa.