Gari la Mwezini na Mchanga wa Unguja: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wanafunzi namna ya kufundisha somo ambalo wengi hulikimbia kwa kudhani kwamba halina zana, nalo ni jinsi magari yanayopelekwa mwezini yanavyojaribiwa kwanza katika majangwa ya hapa duniani. Zana zake zipo. Zipo ufukweni, zipo katika udongo wa kinongo, na zipo mikononi mwa watoto wenyewe, ambao hujitengenezea magari ya makopo kwa matairi ya kandambili chakavu. Ugumu wa somo hili umo katika kumfikisha mwanafunzi mahali pa kuelewa kwamba uwanja wa majaribio sio mahali penyewe.

Kwanza tueleze kisa kilichotufanya tuandike. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja alilitayarisha somo hili kwa uangalifu mkubwa. Alilijaribu chuoni mbele ya wenzake kwa sinia la mchanga mkavu wa pwani, vigari viwili vya makopo, uzi, na kifuko cha vijiwe kilichoning'inia ukingoni mwa meza ili kuvivuta. Kigari cha matairi membamba kilizama, cha matairi mapana kikapita. Sisi tuliokuwapo tuliliidhinisha azimio lake la somo bila ya kumwuliza hata swali moja. Alipofika skulini ilikuwa masika, na mchanga wake ulikuwa umelala nje ukanyeshewa. Vigari vyote viwili vikapita juu ya mchanga ule mbichi bila ya taabu. Mwanachuo akababaika, kisha akaandika ubaoni yale yaliyotokea chuoni, na wanafunzi wakanakili. Tulipoyafungua madaftari baadaye tuliona kwamba darasa zima limeandika kinyume cha lilichokiona kwa macho yake.

Mtoto mmoja wa kike alikuwa ameuliza: "Mwalimu, na huko mwezini mvua hunyesha?" Akaambiwa atulie, asikilize. Kwa maoni yetu, swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe, na kosa la kulipoteza tunalibeba pamoja na mwanachuo yule.

Mwalimu atakayelifundisha somo hili hana budi kujua habari zake kwa kiasi cha kutosha. Mwezini hakuna hewa, upepo wala mvua, na nguvu ya mvutano ni sehemu moja ya sita tu ya ile ya duniani. Mwezi wa Novemba 1970 Warusi walitembeza huko Lunokhod 1, gari lisilo na mtu lililoongozwa kwa redio kutoka duniani. Mwezi wa Julai 1971 wanaanga wa Kimarekani wa Apollo 15 wakawa binadamu wa kwanza kuendesha gari huko. Gari lao lilikuwa la kilo 210 hivi, nalo liliweza kubeba mzigo wa kilo 490, lakini kwa mvutano wa mwezi tu. Lau wangelipanda hapa duniani lingelivunjika. Kwa hiyo lilitengenezwa gari jingine, imara zaidi, la kujifunzia peke yake. Waliliendesha karibu na mji wa Flagstaff katika jimbo la Arizona, katika nchi kavu ya majivu ya volkeno, ambako mwaka 1967 wataalamu walilipua mashimo 47 kwa baruti wakiiga picha za uso wa mwezi. Hapo jambo moja lilifanana, yaani mashimo, na jambo jingine halikufanana, yaani uzito. Nao walijua ni lipi na lipi.

Vumbi nalo si moja. Chembe za mchanga wa jangwani zimeviringishwa na upepo kwa karne nyingi, ilhali za mwezini zina ncha kali kwa kuwa hakuna cha kuzisaga. Mwezi wa Disemba 1972, katika safari ya Apollo 17, madigadi ya gari ilivunjika na vumbi hilo likawarukia wanaanga. Waliunda madigadi nyingine kwa ramani walizozigandisha pamoja kwa utepe. Watoto wetu, ambao ni mafundi wa kuunga vitu kwa vitu, hukipenda sana kisa hiki. Mwalimu asikinyime dakika zake.

Mifano mingine imo katika nchi ambazo wanafunzi wetu wengi wamezisikia nyumbani, kwa sababu wana shangazi au wajomba Maskati na Dubai. Mwezi wa Februari 2018 jumuiya moja ya Kiaustria ya mambo ya anga ilipiga kambi katika jangwa la Dhofar, Oman, kujaribu mavazi ya wanaanga na vyombo vya utafiti. Waliiga sayari ya Mars, si mwezi, na kwa hiyo mawasiliano yao na makao yao ya Innsbruck yalicheleweshwa dakika 10 makusudi. Huko Dubai, gari dogo la Rashid, la kilo 10 hivi, lilijaribiwa katika mchanga wa jangwa kabla ya kurushwa tarehe 11 Disemba 2022.

Yaliyolipata gari hilo yanafaa kuelezwa kwa utuvu. Tarehe 25 Aprili 2023 lilikuwa likishushwa mwezini na chombo cha kampuni ya Kijapani, ispace. Chombo kilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa, ardhi chini yake ikashuka ghafla kiasi cha kilomita 3. Kipimo cha umbali kilisema kweli, lakini kompyuta iliona kipimo hicho hakilingani na ilichokitarajia, ikakihesabu kuwa kibovu na kukipuuza. Chombo kikaamini kimefika chini, kumbe kilikuwa bado juu kiasi cha kilomita 5. Mafuta yakaisha, kikaanguka. Mahali pa kutua palikuwa pamebadilishwa baada ya mpango kukamilika, na majaribio ya kompyuta hayakuingiza ipasavyo umbo la nchi ya mahali papya. Matairi ya Rashid hayakupata hata nafasi ya kugusa vumbi. Msomaji atakuwa ameona kwa nini kisa hiki kilitukumbusha ubao wa skuli ile.

Sasa tuje kwenye somo. Litengewe vipindi viwili. Yatayarishwe masinia manne: mchanga mkavu wa pwani, mchanga mbichi, kinongo kilichochekechwa, na vijiwe vya nchi ya uwanda. Kila kundi lipewe kigari kimoja na jozi mbili za matairi, na kabla ya kukivuta kila mwanafunzi aandike anachokitarajia. Kisha wapime kwa rula kina cha alama za matairi. Wapakie vijiwe sita, wapime. Waondoe vitano, wapime tena, ili waonje mvutano wa sehemu moja ya sita. Hapa mwalimu asijigambe mno, maana mwezini mchanga wenyewe nao ni mwepesi, hivyo kigari kilichopunguziwa mzigo hapa huweza kupita kwa urahisi kuliko kitakavyopita kule. Wenye majangwa yao wanalijua tatizo hilo.

Katika kipindi cha pili mwanafunzi mmoja afungwe kitambaa machoni, awe ndiye gari, na mwenzake amwongoze kwa maneno baina ya viti, lakini kila amri isitekelezwe mpaka ihesabiwe hadi tatu. Redio huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja kufika mwezini, na muda kama huo kurudi. Wanafunzi wa Unguja wasimuliwe kwamba katika miaka ya 1960 kisiwa hiki kilikuwa na kituo cha redio huko Tunguu, kilichomfuatilia mwanaanga wa Kimarekani John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Yeye alipita karibu, kwa hiyo sauti yake haikuchelewa.

Mwishoni ubao ugawanywe safu tatu: tulichokitarajia, tulichokiona, na mwezini pana tofauti gani. Safu ya kati ijazwe na wanafunzi, na mwalimu asiifute hata ikimwumbua. Safu ya tatu aghalabu hubaki na nafasi tupu. Iachwe hivyo hivyo, na maswali yaandikwe hapo kwa majina ya waliouliza. Mchanga uchotwe siku iliyotangulia, ufunikwe, na kingo kali za makopo zikunjwe kwa koleo kabla ya watoto kuyashika.