Kabla Hujajenga Vyumba vya Kupangisha

Mtu akipata kiinua mgongo, au zamu yake ya kupokea ikifika kwenye kikoba, wazo la kwanza kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam ni kiwanja na vyumba vya kupangisha. Si wazo baya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na kila siku kuna anayezunguka na dalali akitafuta chumba. Hasara za wanaoanza hazitokani na kukosa wapangaji. Hutokana na hesabu iliyopigwa nusu na kiwanja kilichonunuliwa bila kuchunguzwa. Majibu yaliyo hapa yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Nina shilingi milioni 60 za kiwanja na ujenzi. Zitarudi baada ya miaka mingapi?

Tuchukue nyumba ya vyumba sita, kila kimoja shilingi 80,000 kwa mwezi. Hiyo ni 480,000 kwa mwezi, yaani 5,760,000 kwa mwaka. Wengi huishia hapo, wanagawanya, wanapata miaka kumi na ushee, wanamwita fundi.

Sasa endelea kuhesabu. Kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, umepoteza 480,000. Unabaki na 5,280,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango, 528,000. Tenga 576,000 za matengenezo, maana kitasa kitavunjika, bomba litapasuka, na bati litavuja mwaka ambao hukutarajia. Weka 200,000 za gari la kunyonya maji taka na 18,000 za kodi ya majengo. Kilichobaki hakifiki milioni 4. Miaka kumi imekuwa kumi na mitano, na hapo hatujamhesabu mpangaji anayehama usiku akiwa na deni la miezi mitatu.

Bei za mtaa wako zinaweza kuwa tofauti na za mfano huu. Weka namba zako, lakini usifute mstari hata mmoja.

Je, nikope benki ili nijenge haraka?

Kwa vyumba vya aina hii, ushauri wangu ni hapana. Mikopo ya nyumba nchini mara nyingi hutozwa riba ya asilimia 15 au zaidi kwa mwaka. Milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 ni shilingi 9,600,000 za riba katika mwaka wa kwanza, wakati nyumba yenyewe, ikijaa miezi yote kumi na miwili, inaingiza 5,760,000. Pengo hilo utalijaza kwa mshahara, na siku mshahara ukikatika benki itakuja kuchukua nyumba.

Anza na viwili. Chora ramani ya nyumba nzima, omba kibali cha ujenzi halmashauri kwa ramani hiyo, kisha jenga vyumba viwili pamoja na choo na karo inayotosha nyumba nzima. Kodi ya hivyo viwili inunue tofali za vinavyofuata. Ni mwendo wa polepole, lakini nyumba nyingi za uswahilini zimejengwa hivyo, na wenyewe wanalala bila deni.

Kiwanja kina barua ya serikali ya mtaa na muhuri. Haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu kuliko pengine popote.

Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda: hati ya miaka 33, 66 au 99. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba watu wawili wameuziana mbele yake. Hawezi kuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mmiliki, wala kwamba kiwanja hakijawekwa rehani.

Anayeweza ni Msajili wa Hati. Kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati, chukua namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, ukaombe upekuzi rasmi. Utajibiwa jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna mkopo juu ya hati hiyo, na kama kuna mtu ameweka pingamizi. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na kinachookolewa. Muuzaji anayekasirika ukitaja upekuzi amekwisha kujibu swali lako.

Kama eneo halijapimwa, kazi ni kubwa zaidi. Kuna maeneo yenye leseni za makazi, ambazo ni za muda mfupi na huombwa upya, na kuna mengine ambako karatasi pekee ni mkataba wa mauziano. Huko nenda kwa majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, bila muuzaji. Uliza nani aliuza mwanzo, mpaka uko wapi, na kama kuna kesi. Kisha rudi masika, mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi. Kiwanja cha Januari si kile cha Aprili.

Uliza pia habari za familia. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Ukiambiwa kiwanja kilikuwa cha marehemu baba, dai barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Watoto watano wakikubali barazani na wa sita yuko Mwanza hana habari, umenunua kesi.

Halafu pima umbali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati, na zipo barabara zenye hifadhi pana kuliko hiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Waliobomolewa bonde la Msimbazi Desemba 2015, na waliobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017, wengi walikuwa na nyumba imara na wapangaji ndani. Uimara wa ukuta haukuwasaidia.

Wapangaji wanataka nini?

Maji na choo. Mtafutaji wa chumba anayejua anachofanya hufungua bomba kwanza, kisha anasukuma mlango wa choo, ndipo anatazama vigae. Nilipoanza nilijenga choo kimoja kwa vyumba sita, nikaweka fedha kwenye gipsamu na madirisha ya aluminiamu. Wapangaji walikaa miezi sita sita na kuondoka. Nilipoongeza choo cha pili na tangi la maji, mama mmoja aliyekuwa amefunga mizigo aliifungua, akakaa miaka minne. Mwezi mtupu ni ghali kuliko bei ya tangi.

Chumba masta hulipiwa zaidi, lakini kila bomba la ndani ni mahali pengine pa kuvuja. Usijenge masta kama huna fundi bomba wa kuaminika aliye karibu.

Umeme nao mpe kila mpangaji mita yake ukiweza. Ugomvi wa kuchangia LUKU, nani ana jokofu na nani anapiga pasi usiku, umevunja nyumba nyingi kuliko kodi yenyewe.

Nikimwamini mpangaji, mkataba wa nini?

Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo mengi kati yako na mpangaji yanategemea mlichoandikiana. Andikeni kwa Kiswahili mnachokielewa wote wawili: kiasi, tarehe, nani anatengeneza nini, notisi ni ya muda gani, na hali ya chumba siku anayoingia. Chukua nakala ya kitambulisho chake, na kila fedha unayopokea iwe na stakabadhi.

Akishindwa kulipa, usimtolee vyombo nje wala kung'oa mlango. Wenye nyumba wengi wanadhani nyumba ni yao basi wana ruhusa. Hawana. Toa notisi kwa maandishi, na akigoma nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukimfukuza kwa nguvu, yeye mwenye deni anaweza kukugeuka akawa mdai.

Kuhusu kodi ya miezi sita au mwaka inayolipwa kwa mkupuo: si fedha ya mwezi huu. Mwenye nyumba anayeitumia yote kulipa ada ya shule Januari hana cha kumpa fundi paa likivuja Aprili.

Serikali inachukua nini?

Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021. Mwaka 2023 ilipanda hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Kodi hii ni ya jengo, na anayedaiwa ni mmiliki. Mpangaji akikatwa kwenye umeme wake, ana haki ya kukuomba uipunguze kwenye pango. Kama nyumba moja ina mita nyingi na kila moja inakatwa, peleka taarifa TRA.

Mpangaji akiwa kampuni au mfanyabiashara aliyechukua fremu, atazuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA, nawe umdai cheti cha zuio. Kubalianeni mapema kama bei mnayotaja ni kabla au baada ya zuio. Kuna pia kodi ya pango la ardhi kila mwaka kwa mwenye hati. Ilipe. Hati inaweza kufutwa kwa kuvunja masharti yake.

Niko nje ya nchi. Nimtumie ndugu fedha anijengee?

Mtumie, lakini karatasi zote ziwe na jina lako, na fedha zitoke kwa hatua: msingi, kuta, paa. Kila hatua ikaguliwe na mtu asiye ndugu wala fundi. Ndugu mwema hatachukia utaratibu huo. Unamlinda hata yeye na maneno ya ukoo.

Na wewe ambaye dalali amekupigia simu leo akisema kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu: mwache mteja huyo atangulie. Chukua namba ya kiwanja, nenda ukaombe upekuzi, na usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla majibu hayajatoka.