Masika Pujini: Linda Boksi la Hewa la Pikipiki Yako

Kuanzia Machi hadi Mei, masika yakikolea, njia za udongo za Pujini huwa utelezi mtupu. Gari za ng'ombe huacha mifereji mirefu, maji hujaa humo, nawe una abiria nyuma au gunia la mhogo. Wengi wetu hapo huhangaikia breki na mipira. Naomba uangalie pia mahali injini inapovutia hewa, maana ndipo hasara kubwa huanzia.

Ni wapi hapo? Chini ya kiti, au nyuma ya kifuniko cha ubavuni, kuna boksi la plastiki ambalo mafundi huliita eya klina. Ndani yake mna kichujio cha sponji au cha karatasi. Injini ya sisi (cc) 150 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ukiwa umeifungulia mafuta yote, huweza kuvuta karibu lita 300 za hewa kwa dakika hiyo moja. Kwa mvuto huo ufa mdogo unatosha. Tope likikauka huwa vumbi, na vumbi likikipita kichujio hukwaruza silinda na kula ringi. Maji ni mabaya zaidi: hayabonyezeki kama hewa, kwa hiyo pistoni ikiyakuta juu yake konrodi, yaani fimbo inayoishikilia pistoni, huweza kupinda.

Anza na ukaguzi usiku, pikipiki ikiwa kavu na injini imezimwa. Toa kichujio, weka tochi inayowaka ndani ya boksi, funga kifuniko kisha zima taa za nje. Mwanga ukitokeza kwenye maungio, maji nayo yatapita hapo. Raba ya kifuniko iliyokakamaa ibadilishwe. Iliyo nzima ipake grisi nyembamba. Kaza na kibano cha mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye kabureta, kwa sababu kinachoingia hapo hakichujwi kabisa.

Chini ya boksi utaona kijipira chenye kizibo. Hicho hukusanya maji na oili. Wakati wa mvua kichomoe kila baada ya siku chache, mwaga, kisha kirudishe. Kizibo kikipotea usiache wazi, gurudumu la nyuma litarushia tope humo. Tafuta kingine.

Kinga nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kipande cha tyubu kuukuu kilichofungwa kati ya gurudumu la nyuma na boksi. Fundi wa baiskeli hashindwi kukupa. Kabla ya kuondoka, watu wawili wakalie pikipiki ili uhakikishe kipande hakigusi mpira wala mnyororo.

Je, nizibe tundu la hewa kwa mfuko? Hapana. Injini itakosa hewa, itakula petroli nyingi, na plagi itajaa masizi. Kutoboa boksi ili injini ingurume nako ni kuyakaribisha maji.

Kichujio cha sponji kioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni. Usitumie petroli: hushika moto upesi na huharibu gundi. Kibinye kiganjani bila kukisokota, kianike kivulini hadi kikauke kabisa, ukitie oili ya gia au ya injini mpaka kienee rangi moja, halafu ubinye oili iliyozidi. Cha karatasi hakioshwi wala hakitiwi oili. Kikilowa tope, nunua kingine kwenye maduka ya spea Chake Chake. Kichujio ni maelfu machache ya shilingi, ilhali pistoni na ringi zake ni makumi ya maelfu, bado ujira wa fundi.

Ukifika penye maji, shuka upime kwa miguu. Jua mapema tundu la hewa la pikipiki yako liko kimo gani, na ukumbuke kwamba mwendo wa kasi huyainua maji. Pita kwa gia ya kwanza, mafuta yakiwa sawasawa. Maji yakikaribia kimo cha tundu hilo, subiri au zunguka.

Ikizimika majini, usipige kiki wala stata. Isukume hadi pakavu, fungua boksi, kausha kila kitu. Chomoa plagi, kisha piga kiki taratibu mara kadhaa ili maji yatoke kwenye tundu lake. Weka uso mbali. Legeza skrubu ya chini ya kabureta umwage kilichomo. Angalia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na lazima imwagwe na kutiwa mpya kabla ya kuwasha. Kama ni maji ya chumvi, ya upande wa mikoko, suuza pikipiki kwa maji baridi siku hiyo hiyo, bila kuelekeza mpira wa maji chini ya kiti.

Ikiwa kiki imekuwa ngumu kama imekwama hata baada ya kutoa plagi, usiilazimishe. Ipakie kwenye gari uipeleke kwa fundi, na umweleze kwamba iliingia maji, ili aanze kwa kuifungua.