RAMANI HAI KATIKA SIMU YA MKONONI
Somo kutokana na vituo vya maji vya Handeni na Korogwe

Mji wa Korogwe umekaa kando ya Mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Handeni, iliyo kusini-magharibi yake kwa umbali wa kilometa 57 hivi kwa mstari ulionyooka, haina mto wa namna hiyo, na ukame ni jambo lililozoeleka huko. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu, lijulikanalo kwa herufi HTM, la kusukuma maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni. Mwaka 2022 ilitiwa saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 ya Tanzania, na Handeni ni mmojawapo wa miji hiyo. Mahali ambapo bomba halifiki, wananchi hutegemea visima vyenye pampu, chemchemi na malambo.

Pampu ya kisima inapoharibika, fundi huhitaji kujua mambo mawili: kilichoharibika ni nini, na pampu yenyewe iko wapi hasa. Jina la kijiji halitoshi, kwani kijiji kimoja huweza kuwa na vituo kadhaa vya maji vilivyotawanyika. Fundi akielekezwa kituo kisichokuwa chenyewe, siku nzima hupotea, na akina mama na watoto huendelea kuchota maji ya lambo. Hapo ndipo ramani iliyomo ndani ya simu inapofaa. Somo hili laeleza jinsi ramani hiyo inavyotiwa ndani ya programu ya simu, na mambo yanayoifanya iaminike au isiaminike.

Maana ya ramani hai

Ramani ya karatasi huonyesha kile tu kilichochapwa. Ramani hai ni ile inayomjibu mtumiaji: akiisogeza kwa kidole husogea, akiikuza hutoa mambo madogo zaidi, akigusa alama ya kisima hupewa habari za kisima hicho, na yeye mwenyewe huweza kuongeza kituo kipya au kubadili habari za kituo cha zamani.

Programu ya namna hiyo yapaswa kufanya kazi katika simu za Android na za iPhone pia. Zamani ilibidi kuandika programu mbili, kila moja kwa lugha yake ya kompyuta, na kila kosa kulisahihisha mara mbili. Siku hizi zipo zana zinazomwezesha mtaalamu kuandika programu mara moja tu ikatumika katika simu za aina zote mbili. Miongoni mwa zana hizo ni React Native, iliyotolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2015, na Flutter ya kampuni ya Google, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2018. Zana hizi hazina ramani ndani yake. Mtaalamu huongeza sehemu ya pekee ya ramani, mathalani ile iitwayo MapLibre, kisha huieleza mambo matatu: ramani ya chini itoke wapi, ianze kuonyesha mahali gani, na juu yake pawekwe nini.

Vigae vya ramani

Ramani ya dunia nzima haiwezi kuingia katika simu kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo hukatwa vipande vya mraba, vinavyoweza kuitwa vigae, kwa kuwa hupangwa kimoja kando ya kingine mithili ya vigae vya sakafu. Katika kiwango cha ukuzaji cha 0, dunia yote ni kigae kimoja. Kila kiwango kinapopanda, kila kigae hugawanyika kuwa vinne. Katika kiwango cha 14, dunia huwa na safu wima 16,384 na safu mlalo 16,384, na katika eneo la Handeni na Korogwe kila kigae hufunika mraba wa kilometa 2.4 hivi kila upande.

Simu hutafuta kigae kwa hesabu rahisi. Mji wa Korogwe uko karibu na longitudo ya nyuzi 38.45 mashariki. Huongezwa 180, kwa kuwa hesabu huanzia ukingo wa magharibi wa ramani; jawabu hugawanywa kwa 360, kisha huzidishwa kwa idadi ya safu:

(38.45 + 180) ÷ 360 × 16,384 = 9,941.9

Namba nzima huchukuliwa, na desimali huachwa. Basi Korogwe imo katika safu wima ya 9,941. Kwa hesabu hiyo hiyo, Handeni, iliyo karibu na longitudo ya 38.02, imo katika safu ya 9,922. Safu mlalo hutafutwa kwa kanuni ndefu zaidi, kwa sababu ramani hizi huinyosha dunia kadiri mtu anavyoikaribia ncha ya kaskazini au ya kusini; jawabu lake ni 8,427 kwa Korogwe na 8,439 kwa Handeni. Mstatili unaokusanya miji yote miwili una safu wima 20 na safu mlalo 13, yaani vigae 260 tu.

Lakini kiwango kikipandishwa hadi 16, ili njia ndogo na nyumba zionekane vizuri, vigae huwa karibu 4,000. Kama kila kigae ni picha ya kilobaiti 20, jumla ni megabaiti 80. Ndiyo sababu wataalamu wengi hupendelea vigae visivyokuwa picha, bali vilivyobeba mistari na nukta zenyewe. Simu huchora ramani yenyewe kutokana na mistari hiyo, na kigae kimoja cha kiwango cha 14 huweza kukuzwa zaidi bila kufifia.

Mahali pasipokuwa na mtandao

Programu nyingi huvuta vigae kwa intaneti kila mtumiaji anaposogeza ramani. Jambo hilo halina taabu mjini. Katika vijiji vingi, mawasiliano ya simu hukatika mara kwa mara, na ramani hugeuka kuwa uwanja mweupe saa ile ile inapohitajiwa. Basi programu ya fundi wa maji yapaswa kujengwa kana kwamba mtandao haupo, na mtandao ukipatikana uhesabiwe kuwa ni nyongeza.

Njia yake ni kuvihifadhi vigae vyote vya eneo la kazi ndani ya simu kabla fundi hajaondoka ofisini. Hapa pana onyo. OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, huruhusu mtu yeyote kutumia habari zake, mradi chanzo kitajwe waziwazi. Lakini mitambo yake ya kugawa vigae hairuhusu kuvipakua kwa wingi ili vihifadhiwe. Mwenye kuunda programu hana budi kujitengenezea vigae kutokana na habari hizo, au kuvipata kwa mtoaji anayeruhusu matumizi hayo.

Hali kadhalika, habari ambazo fundi ameandika kijijini huwekwa kwanza katika simu yake, pamoja na tarehe na saa. Mtandao unaporudi, hupelekwa kwenye hifadhidata kuu. Ikiwa mafundi wawili wamebadili habari za kisima kimoja, programu haipaswi kufuta kauli ya mmoja kimyakimya. Yapaswa kuzihifadhi zote mbili ili msimamizi aamue.

Namba mbili na makosa yake

Kila kituo cha maji huwekwa katika ramani kwa namba mbili: latitudo, ipimayo umbali kutoka ikweta, na longitudo, ipimayo umbali kutoka mstari wa Greenwich. Kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa ikweta, latitudo zake huandikwa kwa alama ya kutoa. Korogwe ni −5.16 na 38.45.

Alama hiyo ikisahauliwa, kisima cha Korogwe huonekana kusini mwa Ethiopia. Namba zikibadilishana nafasi, ile ya longitudo ikasomwa kuwa latitudo, kisima hicho huhamia kusini mwa Hispania. Kosa hili la pili ni la kawaida sana, kwa sababu baadhi ya zana hutaka latitudo itangulie, na nyingine hutaka longitudo itangulie.

Makosa ya namna hii si ya kufikirika. Kuanzia mwaka 2010 vituo vya maji vya vijijini vya Tanzania Bara viliorodheshwa, na zaidi ya vituo 70,000 vikaandikwa. Sehemu ya orodha hiyo, yenye vituo 59,400, ilitolewa hadharani kwa ajili ya utafiti. Ndani yake, vituo zaidi ya 1,800, vingi vikiwa vya mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vimeandikwa longitudo ya sifuri. Vikiwekwa katika ramani, vyote huangukia baharini katika Ghuba ya Guinea, magharibi ya Afrika. Kompyuta haikuona ajabu yoyote, kwa kuwa sifuri nayo ni namba. Dawa yake ni kuiagiza programu ikatae namba yoyote iliyo nje ya mipaka ya wilaya, papo hapo, fundi akiwa bado amesimama kando ya kisima.

Liko kosa jingine lililofichika zaidi. Ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000 zilizochorwa zamani kwa Tanzania zilitumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, lakini setilaiti na simu hutumia mfumo wa WGS84. Namba zilizosomwa katika ramani ya karatasi zikitiwa katika simu bila kugeuzwa, kituo husogea takriban meta 300. Katika karatasi hizo ni milimeta 6 tu. Kwa mtu anayetafuta pampu vichakani, ni umbali wa kutosha kumkosesha.

Aidha yafaa kuchunga idadi ya desimali. Nyuzi moja karibu na ikweta ni kilometa 111 hivi. Namba yenye desimali mbili huweza kuonyesha mji, lakini haiwezi kuonyesha kisima, kwa sababu tarakimu yake ya mwisho ni sawa na kilometa 1.1. Desimali tano hufikia kipimo cha meta moja. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa meta chache. Chini ya miti mikubwa au kando ya ukuta hukosea zaidi. Kwa hiyo programu ionyeshe kadirio la kosa, na fundi angoje mpaka lipungue ndipo ahifadhi.

Alama na rangi

Ramani ya chini ikiisha kuwekwa, juu yake hutandazwa tabaka la vituo. Katika orodha iliyotajwa, vituo viligawanywa mafungu matatu: vinavyotoa maji, 32,259; vinavyotoa maji lakini vyahitaji matengenezo, 4,317; na visivyotoa maji, 22,824. Mafungu matatu yaweza kupewa rangi tatu. Walakini watu wengine hawatofautishi nyekundu na kijani, na jua kali huzififisha rangi zote katika kioo cha simu. Ni bora kila fungu liwe na umbo lake pia, kama duara, pembetatu na msalaba.

Ramani inapotazamwa kutoka mbali, alama mamia hurundikana zisiweze kuguswa. Programu huzikusanya zilizo karibu ziwe duara moja lenye idadi ndani yake. Mtumiaji akikuza, duara huachana na kila kituo hurudi mahali pake. Na alama ikiguswa, jambo la kwanza kuonyeshwa liwe tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Alama ya kituo kizima iliyowekwa miaka mitatu iliyopita haimwambii fundi hali ya pampu leo.

Jaribio kabla ya kutumika

Programu isihukumiwe kwa kutazamwa mezani. Na ipelekwe Sindeni au Misima ikiwa katika simu ya bei nafuu, mtandao uzimwe, na mtu asiyelijua eneo atakiwe kukifikia kituo kilichochaguliwa. Akifika, aandike kituo kipya, azime simu, aiwashe tena, na atazame kama habari zake zimo. Kisha arudi penye mtandao na ahakikishe kwamba zimefika katika hifadhidata kuu mara moja tu, wala si mara mbili. Jaribio hilo lirudiwe kwa simu za Android na za iPhone, maana programu ni moja lakini simu hazifanani katika kuomba ruhusa ya mahali wala katika kubana matumizi ya betri.

Maswali kwa wasomaji

1. Kituo cha maji kimeandikwa latitudo 5.31 na longitudo 38.23. Kosa ni lipi, na kituo kitaonekana upande gani wa ikweta?

2. Tafuta safu wima ya kigae cha kiwango cha 14 chenye longitudo ya 38.23. Je, iko kati ya safu ya Handeni na ile ya Korogwe?

3. Eneo fulani lina vigae 260 katika kiwango cha 14. Ikiwa kila kigae hugawanyika kuwa vinne kila kiwango kinapopanda, kadiria vigae vya kiwango cha 17, na megabaiti zake kama kila kimoja ni kilobaiti 20.