Tumbo la Mfungaji na Udhu Wake

Jua, ewe ndugu Muislamu, kwamba katika mambo yamtoayo mtu msikitini pasipo mwenyewe kutaka, tumbo ni mojawapo. Watu hulicheka, na mwenye nalo hulificha. Katika mwezi wa Ramadhani huonekana Mgogoni, kama ionekanavyo katika miji mingine ya Pemba, mtu aliyesali Isha safu ya mbele. Zikianza rakaa ishirini za tarawehe akawa hutoka kwenda birikani na kurudi, hutoka na kurudi, hata usiku wa tatu au wa nne haonekani tena. Husemwa kuwa ni mvivu. Naye pengine hana uvivu hata kidogo: tumbo limejaa upepo, udhu haukai, na haya imemshika.

Mtu wa namna hii na atazame sinia lake kabla ya kutafuta dawa. Futari ya Pemba ni nzuri, wala haikusudiwi hapa kuitia aibu. Lakini tazama namna iliwavyo: muhogo wa nazi, ndizi, mbaazi, bajia, sambusa na kaimati, vyote kwa robo saa, juu ya tumbo lililokaa kutwa halina kitu. Mbaazi na kunde zina sukari ambayo utumbo mwembamba wa mwanadamu hauwezi kuivunja. Sukari hiyo hushuka nzima mpaka utumbo mpana, na huko vijidudu huila na kutoa hewa, kama itokavyo hewa katika unga uliotiwa hamira. Kwa hiyo mbaazi zirowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, zipikwe kwa maji mapya mpaka ziwe laini kabisa. Na maziwa mabichi nayo yaangaliwe, kwani watu wazima wengi wa nchi zetu matumbo yao hayaimudu sukari ya maziwa. Mtindi huwa mwepesi zaidi kwao. Ajaribu mtu kuacha kitu kimoja kwa siku tatu au nne, aone. Akiacha vyote kwa pamoja hatajua kilichokuwa kikimdhuru.

Hadithi ya Mikdam bin Maadikarib, aliyoipokea Tirmidhi, maana yake yajulikana na wote: theluthi ya tumbo ni ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Yasikitisha kuwa husomwa sana juu ya mimbari katika mwezi huu huu ambao haifuatwi. Mwenye kufungua kwa tende na maji, akasali Magharibi, kisha akala kidogo kidogo kwa kutafuna vyema, huenda tarawehe na mwili mwepesi.

Ama hukumu ya udhu, mwenye tumbo asijitie wasiwasi. Mngurumo wa tumbo si hadathi, wala mbweu, wala kutapika kwa madhehebu ya Imamu Shafi. Ila matapishi ni najisi, na mahali yalipogusa paoshwe. Mwenye kushuku tu kwamba ametokwa na upepo hatoki katika sala mpaka awe na yakini, kama ilivyothubutu katika Hadithi ya Abdullahi bin Zaid. Lakini kusali huku mtu anauzuia upepo kwa nguvu ni makuruhu. Kama wakati una nafasi, atoke, ajipumzishe, atawadhe upya. Na yule ambaye upepo haumwachi hata kadiri ya kutawadha na kusali faradhi moja katika wakati wote wa sala, huyo ana hukumu ya mwenye hadathi ya daima: hutawadha baada ya kuingia wakati, akasali mara moja, na kila faradhi ina udhu wake. Sunna husali azipendazo kwa udhu huo huo, na tarawehe imo humo. Basi hana sababu ya kuukimbia msikiti.

Kiungulia ni jambo jingine. Huja zaidi kwa mwenye kula daku akashiba kisha akajilaza, kwa kuwa uchachu wa tumbo hupanda kooni. Dawa yake kubwa ni kupunguza mafuta na pilipili, na kukaa kama saa mbili au tatu kabla ya kulala. Daku ikicheleweshwa karibu na Alfajiri, kama ilivyo sunna, na mtu akakaa akasali na kusoma Kurani mpaka jua lipande, nusu ya shida imeondoka. Kwa mfungaji: kilichopanda mpaka kinywani, naye aweza kukitema, akakimeza kwa kusudi, saumu imebatilika. Akiteme, asukutue. Matapishi yaliyomshinda hayafunguzi. Ya kujitapisha hufunguza.

Choo kigumu huletwa na uchache wa maji na mboga. Maji yanywewe toka Magharibi hata daku, mafungu mafungu. Mchicha, kisamvu na papai bivu visikose siniani. Ukwaju uliorowekwa hulainisha. Sanamaki ina nguvu. Ikinywewa usiku hufanya kazi kwa saa 6 mpaka 12, na haifai kuzoewa. Ama dawa ya kupigwa bomba au kutiwa kwa nyuma hufunguza katika madhehebu yetu, basi itumiwe usiku.

Tangawizi hutuliza kichefuchefu. Uzile na mnanaa vyajulikana kwa upepo. Karafuu moja mbili katika chai si neno, lakini mafuta ya karafuu na ya makonyo, yatengenezwayo hapa Pemba kiwandani Wawi, yasinywewe kamwe, wala mtoto asipewe hata tone, maana hudhuru ini. Na asali, pamoja na ubora wake wote, haipewi mtoto asiyetimiza mwaka.

Maumivu yasiyokoma hayatibiwi kwa tangawizi. Vidonda vya tumbo zamani vilidhaniwa ni vya fikira na pilipili. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakathibitisha kwamba vingi huletwa na kijidudu kikaacho tumboni. Marshall alimnywa kijidudu huyo mwenyewe mwaka 1984, akaugua, na mwaka 2005 wakapewa tunzo ya Nobel. Kijidudu huyo huuawa kwa dawa za hospitali. Vidonda vingine huletwa na vidonge vya maumivu, kama aspirini, avimezavyo mchumaji karafuu kwa mgongo wake. Mwenye choo cheusi kama lami, au atapikaye damu, au akondaye bila sababu, aende hospitali ya Wete siku hiyo hiyo.

Na mwenye kuharisha sana asijivunie kustahimili saumu. Akikhofia madhara yaliyo wazi aruhusiwa kufungua, na akikhofia kuangamia yamlazimu, kisha hulipa siku zake akipona. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku. Wengine huishika Hadithi ya mtu aliyeamriwa kumnywesha asali nduguye, wakakataa maji ya chumvi na sukari. Hiyo si hoja, kwani Hadithi haikukataza maji, na kinachomuua mwenye kuharisha ni kukaukiwa. Kama hakuna pakiti ya dukani au ya hospitali, yachukuliwe maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko. Chumvi isizidi. Anyweshwe kidogo kidogo, hata akitapika, na aendelee kunyweshwa njiani mpaka afikishwe kwa daktari. Wallahu aalam.